Sekunde 60 za rolex: storibodi huanzia mahali pa kazi

Video fupi za Kiswahili ndizo kazi yetu kubwa: dakika moja hadi tano, zinazotazamwa kwenye simu kuanzia Kampala na Bombo hadi Arua na Busia. Storibodi nyingi za kazi hizo (michoro ya kila picha inayotangulia kurekodi) zimetufunza jambo moja tusiloliacha tena: mchoro uanzie mahali pa kurekodia. Storibodi iliyozaliwa mezani huwa safi, kisha inafika barabarani na kukuta jua liko upande usiotakiwa, ukuta umeziba nafasi ya kurudi nyuma, na takisi za abiria 14 zinakatiza mbele ya lenzi kila baada ya sekunde chache. Hapo mpiga picha huanza kubuni papo hapo, na deni linamwangukia mhariri jioni.

Mfano wa kufuata hapa ni mdogo, na Uganda nzima inaujua: kibanda cha rolex, ile chapati inayokunjwa pamoja na mayai ya kukaanga. Mteja anafika, anaagiza, anapikiwa, anaondoka akila. Sekunde 60. Inaonekana kazi ya nusu saa, lakini ndani yake zimo karibu taabu zote za kupanga shoti, yaani vipande vya video vinavyorekodiwa kimoja kimoja.

Siku ya kutembelea mahali hatubebi kamera kubwa. Tunabeba karatasi ngumu, penseli, futi ya mita 5 na simu yenye dira. Mchoro wa kwanza ni ramani ya kutoka juu, kama vile ndege anavyoliona eneo: kibanda hapa, barabara pale, nguzo ya umeme, mtaro, mti wa mwembe, na mshale unaoonyesha mashariki. Kisha tunatembea na kuweka herufi mahali ambapo kamera inaweza kusimama bila kumsumbua mtu: A ng'ambo ya mtaro, B nyuma ya bega la muuzaji, na kuendelea. Fremu zenyewe, yaani visanduku vya picha vya storibodi, huchorwa baada ya hapo, na kila fremu hubeba herufi ya mahali pake. Fremu isiyo na herufi tunaifuta hata kama ni nzuri, kwa sababu hakuna anayejua kamera itasimama wapi ili kuipata.

Karatasi ya A4 inatosha fremu sita. Kila moja iwe na upana wa sentimita 8 na kimo cha sentimita 4.5, uwiano wa 16 kwa 9, safu mbili kwenda chini. Chini ya kila fremu acha sentimita 4 za maandishi: namba ya shoti, herufi ya kamera, lenzi, sekunde, sauti. Na kwa kuwa wateja wa siku hizi wanataka pia toleo la kusimama la simu, chora mistari miwili hafifu katikati ya fremu, iachane kwa sentimita 2.5. Kilichomo kati ya mistari hiyo ndicho kitakachobaki ukikata picha iwe 9 kwa 16. Ni chini kidogo ya theluthi moja ya upana. Watu wawili waliosimama kwa kutazamana, mmoja kulia na mwingine kushoto, watakatwa wote wawili. Ukiliona hilo kwenye karatasi unageuza engo iwe ya nyuma ya bega. Ukiliona kwenye kompyuta umechelewa.

Uchoraji wenyewe usikutie hofu. Yai kwa kichwa, fimbo kwa mwili, mstari kwa upeo wa macho. Ishara ndizo muhimu. Mshale ulio ndani ya fremu ni mwendo wa mtu au kitu. Mshale ulio nje, ukigusa ukingo wa fremu, ni mwendo wa kamera. Wanaochanganya mishale hii miwili hupata mpiga picha anayemfuata mteja kwa kamera ilhali alitakiwa atulie na kumwacha mteja atoke kwenye picha. Kitu cha pili ni kivuli. Tia weusi wa penseli panapokuwa na giza nyuma ya mtu. Uso mweusi mbele ya anga jeupe la saa tano asubuhi unageuka kivuli kitupu, na ukimwongezea mwanga kwenye kamera, anga linaungua. Mpeleke mtu huyohuyo mbele ya migomba au ukuta wa matofali, sura inarudi. Ikiwa uso na ukuta vyote vimetiwa weusi kwenye karatasi, hiyo ni taarifa kwamba utahitaji mwanga wa ubavuni, hata kama ni kitambaa cheupe tu kinachoshikwa na msaidizi umbali wa mita moja.

Ukitumia vipande vidogo vya karatasi badala ya kurasa zilizoshonwa, unaweza kuzibandika ukutani na kuzihamisha. Desturi hiyo ndiyo asili ya jina lenyewe: katika studio ya Walt Disney, mwanzoni mwa miaka ya 1930, michoro ya hadithi ilibandikwa kwenye mbao kubwa ili wote waione na kubishana nayo. Sisi tunatumia mlango wa ofisi na gundi ya karatasi.

Sasa jua, na hapa hatuna haraka.

Kampala haiko mbali na ikweta. Ukienda njia ya Masaka unauvuka mstari wenyewe pale Kayabwe. Maana yake kwa mpiga picha ni kwamba jua hupanda karibu wima, na mwanga laini wa asubuhi hauchelewi kuisha. Mwezi wa Machi au Septemba, fimbo ya mita 1 iliyosimamishwa chini hutoa kivuli cha takriban mita 3 saa 2 asubuhi. Kufikia saa 4 kivuli kimeshuka chini ya mita 1. Kati ya saa 6 na nusu na saa 7 jua liko utosini, macho ya watu yanakuwa mashimo meusi, na pua inatupa kivuli juu ya mdomo. Kwa hiyo shoti pana za nje tunazipangia saa 1 hadi saa 3 asubuhi, au saa 10 hadi saa 12 jioni, na jioni tunaogopa mvua kuliko asubuhi, hasa Machi hadi Mei na Septemba hadi Novemba.

Kuna jambo la ikweta ambalo vitabu vya wapiga picha wa Ulaya havilitaji. Mwezi wa Juni jua letu liko upande wa kaskazini kutwa nzima. Mchana linakuwa nyuzi 23 kaskazini ya utosi. Desemba linahamia kusini kwa kiasi hichohicho. Basi baraza linalotazama kusini lina kivuli kutwa nzima mwezi wa Juni, na hilohilo Desemba linapigwa na jua. Storibodi iliyochorwa mwezi mmoja na kurekodiwa miezi sita baadaye, bila kurudi kutazama, inaweza kukuta mwanga wote umepinduka. Ndiyo maana kwenye ramani ya juu tunaandika mwezi, si mashariki peke yake.

Barabara nayo ina upande wake. Wengi wetu huchora boda boda ikitoka kushoto kwenda kulia, kwa sababu mkono umezoea kuandika hivyo. Lakini Uganda magari hupita upande wa kushoto. Ukisimama kando ya barabara na kuitazama, vyombo vya njia iliyo karibu nawe vinatoka kulia kwenda kushoto. Ukitaka boda yako iende kushoto kwenda kulia, itabidi iwe kwenye njia ya mbali, na takisi zote za njia ya karibu zitapita kati yake na lenzi. Tumeacha kupigana na barabara: mteja wetu wa rolex hufika akitokea kulia tangu kwenye mchoro wa kwanza, anakula akielekea kushoto, na hakuna shoti inayomgeuza katikati.

Hilo linatuingiza kwenye mstari wa nyuzi 180. Vuta mstari wa kufikirika kutoka kwa muuzaji hadi kwa mteja, tawa (kikaango bapa cha chapati) ikiwa katikati. Kamera zote zibaki upande mmoja wa mstari huo. Muuzaji akitazama kulia kwenye shoti moja na mteja akitazama kushoto kwenye inayofuata, mtazamaji anaelewa kwamba wanatazamana. Ukivuka mstari, wote wawili watatazama upande mmoja, kana kwamba kuna mtu wa tatu. Kwenye ramani ya juu mstari huu tunauchora kwa kalamu nyekundu, na herufi yoyote iliyoangukia ng'ambo inaonekana mara moja. Shoti ya kutoka juu kabisa, inayotazama tawa, haina upande, hivyo inasaidia unapolazimika kuvuka. Na unapobadilisha shoti juu ya mtu yuleyule, sogeza kamera angalau nyuzi 30 na ubadilishe ukubwa wa picha, la sivyo mkato utaonekana kama video imeruka.

Hizi hapa shoti zetu 13. Ya kwanza ni pana kutoka A, kibanda na barabara, sekunde 4. Ya pili kutoka B, nyuma ya bega la muuzaji, mteja anaagiza: “Bosi, nipe mayai mawili, chapati moja,” sekunde 5. Ya tatu kutoka C, nyuma ya bega la mteja, muuzaji anaitikia, sekunde 3. Ya nne na ya tano ni za karibu kutoka D, ubavuni mwa meza: mayai yanapasuliwa kikombeni, kisha kitunguu, kabichi na nyanya vinakatwa, sekunde 4 kila moja. Ya sita kutoka E, juu ya tawa, mayai yanamiminwa, sekunde 5. Ya saba papo hapo, chapati inalazwa juu, sekunde 3. Ya nane ni uso wa muuzaji kutoka C, 3. Ya tisa kutoka F, lenzi ikiwa kimo sawa na tawa, chapati inageuzwa, 4. Ya kumi uso wa mteja akisubiri, B, 3. Ya kumi na moja kukunja, E, 5. Ya kumi na mbili kukabidhi, A kwa lenzi ndefu, 4. Ya mwisho mteja anaondoka akila, A pana, 6. Jumla sekunde 53, na 7 zinabaki kwa maandishi na jina la biashara.

Sasa hesabu ya mayai, ambayo ndiyo husahaulika zaidi. Yai halirudi nyuma. Likimiminwa vibaya, shoti imekufa, na hakuna kulirudisha kikombeni. Tunatenga majaribio matatu kwa E, na rolex moja ikipikwa chini ya kamera ya juu inatoa shoti ya 6, 7 na 11 kwa mkupuo: rolex tatu. Majaribio mawili kwa F: mbili. Moja zaidi kwa uso wa muuzaji kutoka C, kwa sababu mabega ya mtu anayepika kweli hayafanani na ya mtu anayejifanya. Sita mara mayai mawili ni 12, ongeza matatu ya kuharibika: 15, yaani nusu trei. Yale ya shoti ya 4 hayapotei. Yakishapasuliwa yanaenda kwenye tawa. Rolex zilizopoa zinatumika kwenye kukabidhi na kula, maana kwenye picha pana hakuna anayeona kwamba hazitoi mvuke. Mlipe muuzaji rolex zote pamoja na muda wake, na umweleze mapema kwamba wateja wake wa kweli watahudumiwa kwanza. Ni haki yake, na asiyeharakishwa hupika kwa mikono iliyotulia.

Mikono hiyo ndiyo mwendelezo wako. Kikombe kiko mkono gani? Kisu kimewekwa upande gani wa ubao? Kitunguu kimebaki kiasi gani? Piga picha ya simu kila mwisho wa shoti. Kisha, shoti mpya ianzie nyuma kidogo ya pale iliyotangulia ilipoishia: ikiwa ya 6 inaisha mayai yakiwa yametapakaa, ya 7 ianze mkono ukiwa bado unafuata chapati. Mhariri hukata katikati ya mwendo, na mwendo huo unaficha mkato. Rekodi sekunde 5 kabla ya tendo na 5 baada yake. Bila hizo hakuna pa kukatia.

Mambo mawili ya kibandani hayaonekani kwenye karatasi mpaka yakuume. La kwanza ni mwavuli wa matangazo. Mwavuli mwekundu au wa njano unapaka rangi yake kwenye uso wa muuzaji, kwenye mayai, kwenye kila kitu kilicho chini yake, wakati barabara iliyo nyuma ina mwanga mweupe wa kawaida. Huwezi kurekebisha vyote viwili kwa mpangilio mmoja wa rangi. Omba mwavuli uinamishwe upande, au ubadilishe kwa turubai jeupe. La pili ni mvuke na mafuta. Kamera ya E ikiwa sentimita 50 juu ya tawa, lenzi itaingia ukungu na kurushiwa mafuta. Tumia lenzi ndefu zaidi, ipande hadi mita 1, weka kioo cha kinga mbele yake, na uwe na kitambaa kikavu. Kaza mkono wa stendi na utundike mfuko wa mchanga upande wa pili, maana kamera iliyo juu ya makaa haina nafasi ya pili.

Ndani ya nyumba tatizo huwa nafasi. Chumba kimoja cha kupanga, ambacho Uganda huitwa muzigo, mara nyingi kina mita 3 kwa 3, na kitanda kimeshakula nusu. Kumwonyesha mtu mzima toka kichwani hadi miguuni, pamoja na nafasi kidogo juu na chini, fremu yako inahitaji kimo cha mita 2 hivi. Kwa sensa (kipande cha kamera kinachopokea picha) ya milimita 36 kwa 24, ikirekodi 16 kwa 9, lenzi ya milimita 50 inadai urudi nyuma karibu mita 5, na ya 35 karibu mita 3.5. Kwa sensa ndogo ya APS-C, lenzi ileile ya 50 inadai zaidi ya mita 7: umeshatoka mlangoni na kuvuka ua. Ya 16 kwenye APS-C inahitaji takriban mita 2.4, na hapo chumba kinakubali. Basi kabla ya kuchora mtu mzima ndani ya muzigo, andika lenzi uliyonayo kweli. Kama huna pana, chora picha ya kiunoni kwenda juu, na miguu uionyeshe peke yake kwa shoti ya karibu.

Umeme wetu ni wa hezi 50. Taa nyingi za bei nafuu zinapepesa mara mbili ya hapo, mara 100 kwa sekunde, na simu nyingi hurekodi fremu 30 kwa sekunde zisipoguswa, ndiyo unaona mistari myeusi ikipanda na kushuka. Weka fremu 25 na shata 1/50, yaani kila fremu ipokee mwanga kwa sehemu moja ya 50 ya sekunde. Shoti ya 6, ya kumimina, tunairekodi fremu 50 kwa shata 1/100 kisha tunaichezesha kwa 25, mwendo unapungua nusu. Andika hilo chini ya fremu yake, kwa sababu sekunde 5 za kwenye video ni sekunde 2.5 za tendo halisi. Na mchana wa jua, shata 1/50 itaingiza mwanga mwingi mno. Kichujio cheusi cha ND, kinachopunguza mwanga unaoingia kwenye lenzi, kiwe kwenye orodha ya vifaa.

Siku ya kazi hatufuati namba za hadithi, tunafuata herufi. Shoti 13 zina mahali 6 tu pa kamera, na kila uhamisho, ukihesabu stendi, lenzi na mwanga, unakula kama dakika 20. Jumla ni muda wa saa mbili, kuanzia saa 1 hadi saa 3 asubuhi. A inatangulia, kwa sababu mwanga wa chini na barabara isiyojaa havisubiri. B na C hufuatana bila kupumzika, ili wingu likija liwapate wote wawili. D, F na E zinakuwa za mwisho, kwani chini ya turubai mwanga haubadiliki sana. Tatizo pekee la kuanza na A ni kwamba shoti ya 12 na ya 13 zinahitaji rolex iliyokwisha kupikwa. Basi muuzaji apike ya C kabla kamera haijatoka kwenye mkoba, na tuitumie hiyo, kisha apike nyingine zamu ya C ikifika. Hapo mayai 15 yanakuwa 17, na bado trei inatosha.

Droni tunaichora tu pale kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga kilipo mkononi. Kama hakipo, ghorofa ya jirani na ruhusa ya mwenyewe vinatosha.

Sauti iwe na mstari wake chini ya kila fremu, hata pale ambapo hakuna anayesema. Mlio wa yai likigusa mafuta unachukuliwa peke yake, kinasa sauti kikiwa karibu, boda zikiwa zimetulia. Agizo la mteja linahitaji maiki ya kifuani. Kabla ya kufunga mizigo, wote wanyamaze na urekodi dakika 1 ya mahali palepale: barabara, makaa, redio ya jirani. Hiyo ndiyo inayoziba nyufa kati ya mkato na mkato.

Kila shoti ikikamilika, msaidizi anaandika namba ya faili ndani ya fremu yake kwenye storibodi na kuzungushia duara jaribio lililo bora. Karatasi hiyohiyo, pamoja na ramani ya juu, inaingia kwenye bahasha na kadi ya kumbukumbu, na bahasha inakabidhiwa mhariri.